Mkia au Vumbi

Watu wakisikia kwamba mwanamke fulani anachunguza nyota, hudhani anakesha juu ya paa akichungulia darubini, nywele zimemtimka, na mumewe amelala peke yake. Wapi. Mwanamke tunayemzungumzia hapa alikuwa analala mapema kama kuku, na nyota zake alizifuata ofisini asubuhi, baada ya chai, mbele ya kompyuta yenye kioo kilichojaa alama za vidole. Darubini yenyewe ilikuwa nchi nyingine kabisa, juu ya mlima alioupanda mara chache tu maishani mwake, na kila mara ulimuumiza kichwa. Picha zilikuja zenyewe kwenye mtandao. Kazi yake ilikuwa kuzisoma, na katika kuzisoma hakuwa na mpinzani.

Chuoni walimwita Mama Mkia. Jina lilianza kama utani, likamganda. Alipokuwa bado mbichi katika kazi, hata meza ya kwake hana, aliona kitu ambacho wakubwa wake walikuwa wamekipita bila kukijali. Kando ya galaksi moja ya mbali, yaani mji mzima wa nyota ulio nje ya huu wetu, palikuwa na ukungu mwembamba uliojipinda kama mkia wa paka. Akasema ule si uchafu wa picha, ule ni nyota, mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa na kumezwa na ile kubwa. Wakubwa wakabisha, akajibu. Wakabisha tena, akajibu tena, mpaka wakanyamaza. Tangu hapo mambo yakamnyookea: shahada, ajira, uprofesa, na mwishowe ukuu wa idara. Mkia ukaingia kwenye vitabu vya shule. Nyumbani kwake picha hiyo ilitiwa fremu ikatundikwa sebuleni, juu ya televisheni, na wageni waliofika mara ya kwanza waliitazama kwa adabu, kisha wakauliza mjukuu anatarajiwa lini.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno mengi na mguu mwepesi kwenye breki. Yeye Mkia aliuita mume mwenzake.

"Mume mwenzangu hajambo?" alikuwa akiuliza kila mkewe akirudi kazini.

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie asinizoee."

Utani huo waliula miaka yote ya ndoa yao na hawakuukinai.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeukataa Mkia katakata. Alikuwa mtafiti wa chuo kingine, mpole, mrefu, shati halikai ndani ya suruali. Alisimama kwenye mkutano mmoja, mbele ya kadamnasi, akasema kwamba kwa maoni yake ule mkia ni vumbi. Inafaa niseme hapa, ili tusiachane njiani, kwamba katikati ya nyota za galaksi yetu wenyewe limetanda vumbi jepesi, na likipigwa na mwanga hung'aa kidogo sana. Ukipiga picha ya mbali linaingia mbele ya picha. Mtu asipokuwa makini atachukua vumbi lililo hapa mlangoni kwetu akasema ni nyota za huko kusikofikika. Kosa hilo halifanywi na muuza duka wala mwalimu wa udereva. Linafanywa na mabingwa tu.

Yule bwana aliandika hoja yake kwa ukurasa mmoja. Mama Mkia alimjibu kwa kurasa chungu nzima, zimejaa hesabu za kutisha, akampa vidonge vyake na maji ya kumezea. Kisha akambandika jina la Bwana Vumbi, na jina nalo likaenea. Tangu siku ile hakumwamkia tena. Wakikutana kwenye mikutano, yeye alikaa upande wa pili wa ukumbi, na kama kulikuwa na foleni moja ya chai alikosa chai. Alikuwa na kinyongo, na wala hakuona sababu ya kukificha.

Lakini mtu mpe haki yake. Mama Mkia alikuwa mgumu kwa wengine na mgumu kwake mwenyewe pia, au ndivyo alivyojijua. Alikuwa ameona watafiti wengi wakilipenda jibu kabla ya kulipata, wakaminya hesabu huku, wakalegeza kule, hadi jibu likatoka vile walivyotaka, na wote walikuwa watu waaminifu. Kwa hiyo alipokabidhiwa idara aliweka sheria moja, akaibandika kwenye ukuta wa chumba cha mikutano kwa herufi kubwa: NJIA KWANZA, JIBU BAADAYE. Maana yake ni kwamba ukianza kazi unalifunika jibu, wewe mwenyewe usilione. Unaamua njia ya kupima, unaifunga, hairuhusiwi kuguswa tena. Ndipo jibu linafunuliwa mbele ya wote, na litakalotoka ndilo litakaloandikwa, liwe tamu liwe chungu. Waliojaribu kuleta janjajanja aliwatoa jasho. Kuna mhadhiri mmoja aliyeomba kurudia kipimo kimoja baada ya kufunua, na mpaka leo akipita karibu na ukuta ule anainamisha kichwa.

Mwanafunzi wake wa mwisho kabla ya kustaafu alikuwa msichana waliyemwita Taratibu. Alizungumza taratibu, alitembea taratibu, hata chafya yake ilichukua muda. Wenzake walimcheka, ila Mama Mkia alimpenda, maana alichokimaliza Taratibu kilikuwa kimekwisha kweli. Tasnifu yake ilikuwa kuifundisha kompyuta kutofautisha mikia ya nyota na vumbi la hapa kwetu, kwa kutumia picha za kamera mpya iliyofungwa kule mlimani. Kamera ile ilikuwa na macho makali kuliko zote za nyuma. Na ili ajue kama kompyuta imeelewa somo, alihitaji kuilinganisha na jicho la binadamu anayejua. Jicho kama hilo lilikuwa moja tu pale idarani.

Siku moja akaingia ofisini kwa Profesa, akasimama, akakohoa.

"Profesa, nimechagua galaksi za kutumia. Ila ile ya kwako... nimeona niiache."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwamuzi. Utaitambua."

"Fundi Mitambo ataificha. Hiyo si sababu. Sema sababu."

Taratibu akatazama viatu vyake. "Ikitoka vibaya, Profesa?"

Mama Mkia akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama anamjua mwanawe. Mhadhara wake wa kuaga ulikuwa umeshatangazwa, na jina la mhadhara lilikuwa neno moja tu: Mkia. Kwake hii ilikuwa nafasi ya kumaliza kazi kwa heshima, kamera mpya iseme yale yale aliyoyasema yeye na kamera mbovu ujanani, na Bwana Vumbi, popote alipo, asome.

"Iweke," akasema. "Ukiiacha watu watasema tuliogopa. Mimi sijawahi kuogopa picha."

Ikawekwa. Fundi Mitambo, mtu wa makamo aliyesimamia kompyuta za idara na kulalamikia wote waliozigusa, aliifanya kazi yake kwa roho mbaya ya kupendeza. Kila galaksi aliifunika kwa duara jeusi ili sura yake isionekane, ubaki ukungu wa pembeni tu. Akajua hilo halitoshi. Mama Mkia alizijua nyota zilizoizunguka galaksi yake kama mtu anavyozijua nyumba za mtaani kwao, kwa hiyo akazifuta nazo. Picha nyingine akazipindua, nyingine akazigeuza kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mwisho akaiachia kompyuta izichanganye yenyewe, hata yeye asijue ipi ni ipi.

Alasiri iliyopangwa, Mama Mkia akaketi, akavaa miwani, akasogeza kikombe. Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili: MKIA na VUMBI. Taratibu alisimama nyuma yake pamoja na wanafunzi wengine waliokuja kuona bingwa akifanya kazi, na bingwa hakuwaangusha. Mkia. Vumbi. Vumbi. Mkia. Alikuwa anaeleza huku anabofya: angalia huu ulivyo laini, nyota nyingi zikiwa mbali huungana zikawa kama maziwa yaliyomwagika. Vumbi haliko hivyo. Vumbi lina nyuzinyuzi, lina vipande, limechanika.

Ikaja picha moja yenye upinde mzuri, mwembamba, umetulia. Mama Mkia akatabasamu.

"Huyu namjua," akasema. "Fundi, umejitahidi, lakini mama hapotezi mtoto wake sokoni." Akabofya MKIA, na wanafunzi wakacheka.

Baadaye kidogo ikaja nyingine, ya fujo. Ukungu ulianza vizuri, halafu ukapasuka ukawa nyuzi, na nyuzi zikaendelea mpaka ukingoni mwa picha bila kujali galaksi iko wapi. Mama Mkia akavuta pumzi kwa pua.

"Na hili nani kalileta? Hili ni vumbi tupu. Hili hata mtoto wa shule haliwezi kumdanganya. Anayeuita huu mkia arudishe shahada." Akabofya VUMBI kwa nguvu, kipanya kikaruka. Wanafunzi wakacheka zaidi, na Taratibu naye akacheka, taratibu.

Ufunuo ulifanyika juma lililofuata, asubuhi, kwenye chumba cha mikutano. Idara nzima ilikuja, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba Mkia umo. Fundi Mitambo alikaa kwenye kompyuta, na picha zikatokea ukutani moja baada ya moja, chini ya zile herufi kubwa. Kwanza jibu la mashine, kisha jibu la Profesa, halafu duara jeusi linaondoka na galaksi inaonekana na jina lake. Mashine na Profesa walikubaliana karibu kila mahali. Taratibu alikuwa anameremeta, jambo ambalo si kawaida yake.

Ikafika ile picha ya upinde mzuri. Mashine: mkia. Profesa: mkia. Duara likaondoka, na chini yake ilikuwa galaksi nyingine kabisa, mviringo, ya manjano, ambayo Mama Mkia hakuwahi kuijali.

Watu wakapiga makofi kwa sababu majibu mawili yalilingana. Yeye hakupiga. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kwenye mapaja. Kama ile si yangu, akajiuliza, yangu ni ipi? Akaanza kuzikumbuka picha zilizobaki, moja moja, na kila aliyoikumbuka aliifukuza haraka. Moja hakutaka kuikumbuka kabisa.

Ndiyo iliyokuja. Watu waliitambua kwa fujo yake, wakaanza kucheka mapema, na mmoja akanong'ona, "Arudishe shahada." Mashine: vumbi. Profesa: vumbi. Fundi Mitambo akabonyeza, duara jeusi likaondoka.

Galaksi ile kila mtu chumbani aliijua. Walikuwa wameisoma shuleni. Ilikuwa imelala pale katikati, kiubavu kama kawaida yake, na zile nyuzi chafu zilikuwa zimepita mbele yake kama moshi wa jiko la jirani. Pale ambapo kamera ya zamani iliona upinde mmoja laini, kamera mpya iliona uzi na uzi na uzi. Hakuna aliyecheka. Fundi Mitambo aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemchoma.

Basi wale wampendao Mama Mkia wakaanza kumwokoa, na walikuwa wengi. Mmoja akasema kamera mpya haijazoeleka. Mwingine akasema picha moja haiwezi kufuta kazi ya maisha. Yule mhadhiri wa kuinamisha kichwa akasema, kwa upole wa kweli, kwamba jicho la mtu ni jicho tu, linachoka. Mama Mkia akasimama. Aliwasikia wote, na kila neno alilitaka liwe kweli.

"Picha hiyo irudiwe," akasema.

Taratibu alikuwa amesimama karibu na ukuta. Midomo yake ilifunguka, ikafumba, ikafunguka tena.

"Profesa," akasema. "Sheria."

Akaishia hapo. Mama Mkia akamtazama, na tusifiche, kwa dakika ile alimchukia. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka, akaacha miwani mezani.

Nyumbani mumewe alikuwa ameshafika, anamenya chungwa mezani. Akauliza kama kawaida bila kuinua macho, "Mume mwenzangu hajambo?"

"Hayupo," akasema mkewe. "Hakuwahi kuwapo."

Mwalimu wa udereva akaweka kisu chini. Alimtazama mkewe usoni, akatafuta mzaha wa kumpa, asiupate, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa ni habari nzito. Akamvutia kiti. Mama Mkia akamweleza yote, jinsi alivyoicheka picha mbele ya wanafunzi, jinsi alivyoambiwa sheria na mtoto aliyemfundisha sheria. Akalia. Alilia kwa aibu kwanza, halafu aibu ikaisha akaendelea kulia kwa uchungu mtupu, kama mtu aliyefiwa na hawezi kuita watu msibani.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa naitwa kwa jina la kitu ambacho hakipo."

"Kwani hukukiona?"

"Nilikiona. Ila kilikuwa hapa. Mlangoni. Nikasema kiko kule."

Mumewe akamgawia chungwa, nusu kwa nusu. "Unajua mimi mwanafunzi wangu akigonga, simnyimi cheti kwa kugonga. Wote wanagonga, hata mimi niligonga. Namnyima akigonga akakimbia."

Mama Mkia akatafuna chungwa bila kulisikia ladha. "Leo nilikimbia."

"Kesho si ipo?"

Ukutani, juu ya televisheni, picha ilikuwa pale pale. Mumewe aliitazama mara mbili tatu, mwishowe akauliza kama aishushe. Akaambiwa aiache kwanza, maana nyuma ya fremu ile ukuta ulikuwa na ufa mbaya zaidi.

Asubuhi alimkuta Taratibu mlangoni pa ofisi, macho yamevimba, ameshika miwani ya Profesa mkononi. Akampa. Kisha akasema, bila kupumzika kati ya maneno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, kwamba amefikiria, kwamba anaweza kuiondoa picha ile kwenye tasnifu, ni moja tu kati ya nyingi, mashine itabaki vile vile, na hakuna mtu wa nje atakayejua.

Mama Mkia akafungua mlango, akamkalisha, akakaa. Ile ilikuwa njia ya kutokea, pana, ina taa. Alikiri mwenyewe baadaye kwa mumewe kwamba aliitazama mpaka mwisho wake. Angestaafu na jina lake. Angetoa mhadhara wake. Vitabu vya shule vingebaki kama vilivyo, na msichana huyu angenyamaza kwa heshima, kisha angewafundisha wanafunzi wake kunyamaza kwa heshima.

"Jana ulinikatalia mbele ya watu," akasema.

"Nisamehe, Profesa."

"Ukiniomba msamaha tena kwa hilo nakufukuza. Mimi ndiye wa kuomba. Nilikufundisha sheria, ikanigusa tu kidogo nikataka kuivunja. Nisamehe wewe."

Taratibu akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Mama Mkia akavaa miwani yake, akaikuta imepanguswa vizuri.

"Sasa tufanye kazi. Jicho langu peke yake halitoshi, hilo walisema kweli. Vumbi lina joto. Tafuta picha za joto za sehemu ile ya anga, zile mpya, tuone kama zile nyuzi zinawaka."

Zikatafutwa. Zilikuwapo siku zote hizo, wazi kwa kila mtu, kwenye hazina ya chuo kingine. Nyuzi zilikuwa zinawaka uzi kwa uzi, sawasawa na kwenye picha ya kamera. Nyota za mbali haziwezi kuwaka vile. Wawili wale walikaa mbele ya kioo kimoja, na Mama Mkia akajisikia ajabu kidogo, kwa maana katikati ya uchungu wake alikuwa anafurahia jinsi kazi ilivyokaa vizuri.

"Andika," akasema. "Na humo ndani mtaje kwanza yule bwana. Ukurasa wake ule mmoja."

"Bwana Vumbi?"

"Ana jina lake. Litumie."

Taratibu alipotoka, alitafuta namba, akapiga. Alikuwa ameyapanga maneno, maana hakuna kitu kigumu kama kumwamkia mtu uliyemnunia nusu ya maisha yako. Simu ikapokelewa katikati ya kelele za watoto. Bwana Vumbi alikuwa amestaafu, analea wajukuu. Akafurahi kumsikia, akafurahi kweli, akawafukuza watoto wampishe aongee.

"Nimepiga kukwambia kwamba ulikuwa sahihi," akasema Mama Mkia.

"Kuhusu nini?"

"Mkia. Ulisema ni vumbi. Ni vumbi."

Bwana Vumbi akauliza polepole, "Mimi nilisema hivyo?"

"Uliandika. Ukurasa mzima."

"Aa, ule. Ehee, nakumbuka kidogo." Akacheka kwa kuona haya. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa huniamkii? Mimi nilidhani ni kwa sababu nilikumwagia chai kwenye karatasi zako, mkutano ule wa kwanza. Nilitaka kukuomba radhi mara nyingi, nikakuogopa."

Mama Mkia hakuikumbuka chai yoyote. Akaketi vizuri kwenye kiti.

"Lakini ngoja," Bwana Vumbi akaendelea. "Una hakika ni vumbi? Maana mimi niliyasoma majibu yako, nikayarudia, nikasalimu amri. Ulinishinda kabisa. Mkia wako nimeufundisha darasani mpaka nilipostaafu."

Hapo ndipo palipomuuma zaidi ya siku ile ya picha ukutani. Kosa lake alikuwa ameshaanza kulizoea. Lakini alikuwapo mtu mmoja duniani aliyeona sawasawa, na yeye, kwa hesabu na kwa mdomo, alimtoa kwenye ukweli akamwingiza kwenye kosa. Akamwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Bwana Vumbi akasema asijali, akaomba atumiwe picha, na sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya kijana. Wakaongea mpaka wajukuu wakaja kuidai simu.

Makala ikaandikwa, taratibu kama mwandishi wake. Jina la msichana likawa la kwanza, la Mama Mkia likafuata, la Fundi Mitambo likawa la mwisho, naye akalalamika kwamba limekosewa, ingawa halikukosewa. Kwenye mhadhara wa kuaga, Mama Mkia alibadilisha neno moja kwenye tangazo, na neno lenyewe lilikuwa moja tu. Waliokuja kusikiliza Mkia wakasikiliza Vumbi, na ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Makala ikapelekwa kwenye jarida lenye desturi ya kuficha majina ya waandishi, ili msomaji anayeikagua ahukumu kazi asihukumu mtu. Kufunika jibu, Mama Mkia alisema, wameanza kujifunza na wao.

Majibu ya mkaguzi yalikuja baada ya muda mrefu, na Taratibu aliyaleta mwenyewe nyumbani kwa Profesa aliyestaafu. Aliyasoma sebuleni, chini ya ile picha, mwalimu wa udereva akiwa anasikiliza na sahani ya karanga mkononi. Mkaguzi, ambaye naye hakujulikana ni nani, alisema kazi ni safi, vipimo ni safi, hana la kuongeza. Ila alikuwa na lawama moja. Waandishi hawa, alisema, bila shaka ni vijana, na wamekuwa wakali mno kwa bibi mmoja aliyeifumbua macho fani nzima. Je, kabla ya kuubomoa Mkia wake hadharani, walikuwa hata na adabu ya kumwuliza mwenyewe?

Mwalimu wa udereva alicheka mpaka karanga zikamwagika. Taratibu alikuwa anamtazama Profesa kwa wasiwasi, maana uso wa Profesa ulikuwa umebadilika na hakujua umebadilikia wapi. Mama Mkia alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja, akairudisha.

"Na hilo tumjibu, Profesa?"

"Mjibu," akasema. "Mwandikie tumemwuliza. Amekubali."